Haraka au Ngoja?

Mchezo wa Ticket to Ride, uliobuniwa na Alan R. Moon na kutolewa mwaka 2004, huchezwa juu ya ramani ya reli za Marekani. Kila mchezaji ana mabehewa 45 ya plastiki na tiketi za siri za kuunganisha miji. Kila zamu huruhusu jambo moja tu: kuchukua karata za rangi, kujenga njia, au kuongeza tiketi. Njia ya behewa 1 hulipa pointi 1. Ya mabehewa 6 hulipa 15. Lakini ukiwa bado unakusanya karata, mwenzako anaiwahi. Na tiketi usiyoikamilisha hukukata pointi. Bahati ya karata ipo, lakini uzuri wa mchezo uko hapo: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Kazi ni kujua leo ufuate methali ipi.