Pima umbali wa madarasa kabla mwanao hajaanza chuo

Vyuo vikuu vinapokaribia kupokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wazazi huhangaika na ada, mkopo, godoro, ndoo na nafasi ya hosteli. Kuna jambo moja ambalo halimo kwenye orodha ya wengi, lakini huwaleta vijana kwa daktari wiki chache tu baada ya masomo kuanza. Jambo hilo ni umbali kutoka darasa moja hadi jingine.

Sekondari, mwanafunzi hukaa darasani na mwalimu ndiye humfuata. Chuoni mambo hugeuka, mwanafunzi ndiye humfuata mwalimu. Kipindi cha saa mbili kinaweza kuishia ukumbi mmoja saa nne kamili, na kingine kikaanza saa hiyo hiyo upande wa pili wa chuo.

Chukua mfano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jina la Mlimani linajieleza lenyewe: kuna kupanda na kushuka, na wanaolala hosteli za Mabibo huanza siku na safari nyingine kabla ya hiyo. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kimejengwa katika eneo kubwa kiasi kwamba ndaki zake zimeachana kwa kilomita kadhaa, tena kwenye jua, upepo na vumbi la Dodoma.

Kwa kijana mwenye afya njema, kutembea huku ni faida. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kwa wiki, na mwanafunzi wa chuo kikubwa anaweza kuzifikisha bila kuingia uwanjani. Shida inakuja pale kutembea kunapogeuka kukimbia, tumbo likiwa tupu, begi zito mgongoni, na mwilini kuna ugonjwa ambao hakuna mtu chuoni anayeufahamu.

Fanya hesabu ya dakika

Mtu mzima mwenye afya hutembea kilomita nne hadi tano kwa saa kwenye njia tambarare. Maana yake kilomita moja ni dakika 12 hadi 15, na kilomita moja na nusu ni dakika 18 hadi 23. Ongeza mlima, jua la saa saba mchana, ngazi za kwenda ghorofa ya tatu na foleni ya kutoka ukumbini, utaona kwamba dakika kumi hazitoshi.

Ratiba ikishatoka, kijana aitembee njia yake kabla ya siku ya kwanza ya masomo, kwa mwendo wake wa kawaida, huku akiangalia saa. Njia atakayopita saa saba mchana aipime saa saba mchana, siyo jioni kukiwa na ubaridi. Aangalie pia wapi pana kivuli, maji ya kunywa na choo. Wasichana wengi huacha kunywa maji ili wasihitaji choo njiani. Kukaa na kiu na kubana mkojo siku nzima huongeza uwezekano wa kupata maambukizi ya njia ya mkojo.

Kipimo rahisi cha mwendo ni mazungumzo. Ukiweza kutembea huku unaongea sentensi nzima, mwendo ni wa wastani. Ukikatika baada ya maneno mawili matatu, umezidisha.

Mwenye pumu

Kukimbia hubana njia za hewa za watu wengi wenye pumu, hasa hewa ikiwa kavu au yenye vumbi. Mara nyingi kubanwa huanza dakika chache baada ya kusimama. Ndiyo maana kijana hufika salama, akaketi, kisha akaanza kukohoa na kifua kupiga filimbi katikati ya mhadhara.

Pampu ya kufungua kifua ikae mfukoni au kwenye mfuko wa mbele wa begi, isiachwe hosteli. Kama daktari amekuelekeza kuitumia kabla ya mazoezi, itumie dakika 10 hadi 15 kabla ya safari ndefu, na uanze taratibu kabla ya kuongeza mwendo. Ukijikuta unaihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu yako haijadhibitiwa. Rudi kliniki, kwa sababu unahitaji dawa ya kuvuta inayotuliza uvimbe wa njia za hewa, siyo ile ya kufungua kifua peke yake.

Mwenye selimundu

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyouita ugonjwa huu. Siku hizi wengi wao wanakua na kufika chuo, jambo la kushukuru. Lakini upungufu wa maji mwilini, uchovu mkali na baridi ya ghafla vinaweza kuamsha maumivu yatakayomlaza kijana siku kadhaa na kumkosesha mtihani.

Mwenye selimundu anywe maji kabla hajasikia kiu na asitembee bila chupa. Asikimbilie kipindi. Heri achelewe dakika tano kuliko kukosa wiki nzima. Awe na sweta na mwavuli, maana kulowa mvua kisha kukaa saa mbili kwenye ukumbi wenye kiyoyozi ni hatari kwake. Dawa za kila siku, ikiwemo haidroksiyurea kwa walioandikiwa, zisikatishwe eti kwa sababu kliniki aliyozoea ipo mkoa mwingine. Aondoke nyumbani na barua ya rufaa.

Mwenye kisukari anayechoma insulini

Kutembea hushusha sukari. Kijana aliyechoma insulini asubuhi, akakosa chai kwa sababu amechelewa, kisha akatembea kilomita mbili, yupo njiani kupungukiwa sukari. Atatetemeka, atatoka jasho na kusikia njaa kali, halafu ataanza kuchanganyikiwa. Wenzake wanaweza kudhani amelewa.

Asichome insulini bila kuwa na uhakika wa chakula. Siku ya kutembea sana achome tumboni, siyo pajani, kwa kuwa mguu unaofanya kazi huifyonza dawa haraka. Mfukoni awe na sukari, glukosi au soda ya kawaida. Sukari ikiwa chini ya 4 kwenye kipimo, au dalili zikianza na kipimo hakipo, atumie vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, apumzike, apime tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula. Akipoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni. Akimbizwe hospitali.

Wasiojua kwamba wanaumwa

Kuna vijana ambao chuo ndicho huwafichulia ugonjwa. Msichana anayehema kila akipanda ngazi wakati wenzake wanaendelea na stori, anaweza kuwa na upungufu wa damu, hasa kama hedhi yake ni nzito. Kipimo cha wingi wa damu hakichukui muda. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12 ni upungufu. Akipewa vidonge vya madini ya chuma, asivimeze na chai, kwa sababu chai huzuia madini hayo kuingia mwilini.

Wengine wana tatizo la moyo lililoanzia utotoni, mara nyingi baada ya mafindofindo ambayo hayakutibiwa vizuri. Kuchoka mlimani ni kawaida. Kuzimia ukiwa unatembea kwa haraka, kusikia maumivu ya kifua, au moyo kwenda mbio bila kutulia hata baada ya kupumzika si kawaida. Mwanao akikupigia simu na kukueleza hivyo, usimwambie ni kwa sababu hajazoea. Mwambie aende akapimwe.

Fomu ya afya isijazwe kwa woga

Hapa ninazungumza na wewe mzazi. Vyuo vingi humtaka mwanafunzi mpya apeleke fomu ya uchunguzi wa afya. Ninaona fomu ambazo kila swali limejibiwa "hapana", ilhali kijana ana kadi ya kliniki ya pumu au selimundu ya miaka kumi. Nikiuliza, jibu ni lile lile: "Daktari, wakijua watamnyima nafasi."

Ninauelewa woga huo. Lakini fikiria siku mwanao atakapoanguka njiani kati ya madarasa mawili. Watakaomfikia kwanza ni wanafunzi wenzake na muuguzi wa zahanati ya chuo. Kama hakuna anayejua ana nini, dakika za kumsaidia zitaishia kwenye kubahatisha.

Kusema ukweli pia kunampa haki. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inazuia ubaguzi katika elimu na inataka mwenye ulemavu awekewe mazingira yanayomwezesha kusoma. Mwanafunzi wa kiti cha magurudumu, au ambaye mguu wake una tatizo, ana hoja ya kuomba kipindi kihamishiwe ukumbi wa chini. Hata mgonjwa asiyehesabiwa kuwa na ulemavu anaweza kuomba hosteli iliyo karibu na madarasa au kundi la semina lenye muda mzuri. Apeleke barua ya daktari kwa mshauri wa wanafunzi mapema. Barua iseme wazi anachohitaji, kwa mfano: "Asitembee zaidi ya dakika kumi bila kupumzika." Maneno kama "ana matatizo ya kiafya" hayamsaidii anayepanga ratiba.

Mwanafunzi, nawe zungumza na mhadhiri kabla ya kuchelewa, siyo baada. Kaa karibu na mlango. Mweleze rafiki mmoja au wawili una ugonjwa gani, dawa ipo mfuko gani wa begi, na namba ya nyumbani ni ipi. Ukipanda bodaboda kuwahi kipindi, vaa kofia ngumu hata kama safari ni fupi.

Msaada wa haraka

Mwenzako akibanwa kifua, mkalishe wima, usimlaze. Mpe pampu yake, avute moja baada ya nyingine kwa kupishana nusu dakika hadi dakika moja. Akifikisha kumi bila nafuu, anahitaji hospitali mara moja. Usisubiri zifike kumi ikiwa hawezi kumaliza sentensi au midomo inabadilika rangi. Mtafutie usafiri huku akiendelea kuvuta.

Mwenye selimundu akipata homa, maumivu ya kifua, kushindwa kupumua au udhaifu wa ghafla upande mmoja wa mwili, asirudishwe chumbani kulala. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama kuna mtihani.

Wiki hii, kabla ya kufunga sanduku, keti na mwanao mhakikishe mambo manne: dawa za angalau mwezi mmoja, barua ya daktari, kadi ya bima na chupa ya maji. Kisha chukueni ile fomu ya afya, muijaze pamoja, na muijaze kwa ukweli.