Muuza bunduki asijitie hamnazo

Bunduki nyingi zinazotumiwa na wahalifu nchini Marekani hazikuzaliwa haramu. Ziliundwa viwandani kwa idhini ya serikali, zikasafirishwa kwa stakabadhi kamili, zikapangwa katika rafu za maduka yenye leseni na kuuzwa mchana kweupe. Baadhi yake huibwa majumbani kabla ya kuangukia mikononi mwa majambazi. Lakini nyingine hugeuka kuwa haramu papo hapo kwenye kaunta, mbele ya macho ya muuzaji, anapomkabidhi silaha mtu ambaye kila dalili inaonyesha kuwa hainunui kwa matumizi yake mwenyewe. Swali ambalo limewashughulisha mawakili na majaji wa nchi hiyo kwa zaidi ya miaka 20 ni hili: je, muuzaji huyo naye ana la kujibu mahakamani pindi damu inapomwagika?

Naamini kwamba analo. Tena naamini kwamba mgogoro wote huu, ukiondoa siasa na fedha zinazouzunguka, umejengwa juu ya neno moja ambalo sisi wanafunzi wa lugha tunalifahamu sana, nalo ni neno ‘kujua’.

Kwanza tutazame jinsi biashara yenyewe inavyoendeshwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 inamtaka kila mfanyabiashara wa silaha awe na leseni na aweke kumbukumbu za wateja wake. Tangu mwaka 1998, kabla ya kuuza, muuzaji huwasiliana na mtambo wa taarifa wa shirika la upelelezi la FBI ili kuhakikisha kuwa mteja hajawahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai, wala hana kizuizi kingine cha kisheria. Mteja naye hujaza fomu na kutia sahihi kwamba yeye ndiye mnunuzi halisi.

Mlanguzi wa silaha anajua kwamba jina lake likiingizwa katika mtambo huo atakataliwa. Kwa hivyo humtuma mtu mwingine asiye na doa: mpenzi wake, binamu yake, au jirani aliyeishiwa na pesa. Mtu huyu tunaweza kumwita mnunuzi wa kivuli. Hununua kwa jina lake, hupewa ujira mdogo, kisha hukabidhi silaha nje ya duka. Mtambo hukagua jina, haukagui nia. Mwenye uwezo wa kuona nia ni mwanadamu aliyesimama nyuma ya kaunta.

Na aghalabu huiona. Dalili ya mvua ni mawingu. Watu wawili wanaingia pamoja. Mmoja anachagua bastola, mwingine ndiye anayejaza fomu. Mteja ambaye hajui hata jina la silaha anayoitaka ananunua tano za aina moja. Anarejea baada ya wiki kadhaa kununua nyingine, na kila mara analipa kwa noti taslimu. Mwenye duka aliyefanya kazi hii miaka mingi hahitaji shahada ya chuo kikuu kuzisoma dalili hizo.

Kisa cha jijini Milwaukee katika jimbo la Wisconsin kinatosha kuwa mfano. Mwaka 2009 kijana wa miaka 18, ambaye kwa umri wake hakuruhusiwa kuuziwa bastola dukani, aliingia katika duka lililoitwa Badger Guns akiwa na mwenzake aliyekuwa ametimiza umri unaotakiwa. Kijana alichagua, mwenzake akanunua. Ushahidi uliotolewa mahakamani ulionyesha kwamba mnunuzi hata alikosea katika fomu na kujibu kwamba si yeye mnunuzi halisi, naye karani akamwacha arekebishe jibu. Mwezi mmoja hivi baadaye bastola hiyo iliwapiga polisi wawili nyusoni. Wote wawili walinusurika, ila mmoja alipoteza jicho. Mwaka 2015 jopo la raia walioisikiliza kesi ya madai liliamua kwamba duka lilizembea, na likaagiza polisi hao walipwe karibu dola milioni 6. Hatimaye pande hizo mbili zilipatana kwa kiasi kilicho chini ya hapo, lakini hukumu ilikwisha kusema lake.

Kabla ya hapo palikuwa na kisa cha mwaka 2002, wakati watu wawili walipolitia hofu eneo la mji mkuu wa Washington kwa kuwavizia raia na kuwapiga risasi kutoka mbali. Watu 10 waliuawa katika wiki tatu za mwezi wa Oktoba. Bunduki yao ilifuatiliwa hadi katika duka moja la mji wa Tacoma, upande wa pili wa nchi, lakini haikuonekana katika kumbukumbu zozote za mauzo. Wakaguzi walipochunguza waligundua kwamba bunduki zaidi ya 200 za duka hilo hazikujulikana zilikokwenda. Jamaa za waliouawa na majeruhi walishtaki, na mwaka 2004 wakalipwa dola milioni 2.5. Sehemu kubwa ilitoka kwa duka, na sehemu ndogo kwa kiwanda kilichoiunda bunduki hiyo.

Mwaka uliofuata mambo yaligeuka. Wenye viwanda na maduka, pamoja na chama chenye nguvu cha wamiliki wa bunduki, walilalamika kwamba kesi za aina hii zingewafilisi kwa makosa ya watu wengine. Bunge la Congress likawasikiliza. Oktoba 2005 Rais George W. Bush alitia sahihi sheria inayowakinga watengenezaji na wauzaji wa silaha dhidi ya kesi za madai zinazotokana na uhalifu wa mtu mwingine. Kinga hiyo, hata hivyo, iliachiwa mianya michache. Mmoja unamhusu muuzaji anayempa silaha mtu ambaye anajua, au kwa busara ya kawaida angepaswa kujua, kwamba ataitumia kwa hatari. Mwingine unamhusu anayevunja sheria za mauzo ya silaha kwa kujua. Kwa kupitia mianya hiyo ndipo polisi wa Milwaukee walipoweza kulifikisha duka mahakamani.

Hapa ndipo naomba msomaji aniruhusu niingie katika uwanja wangu. Tazama maneno hayo mawili: ‘anajua’ na ‘angepaswa kujua’. Wakili wa muuzaji atashika la kwanza na kusema kwamba mteja wake hakuambiwa neno, na moyo wa mtu ni kichaka. Wakili wa mjane atashika la pili na kuuliza: mtu mwenye macho mawili na akili timamu angekosaje kujua?

Kiswahili kimelitatua fumbo hili zamani. Twasema ‘hajui’ kwa yule ambaye hakika hana habari. Lakini kwa yule ambaye habari iko mbele yake naye anageuka upande, tunasema ‘amejitia hamnazo’, ‘anajifanya mjinga’, ‘amejipurukusha’. Angalia kiambishi -ji- kinavyojirudia katika semi hizo. Ni kiambishi kinachoonyesha kuwa mtenda ndiye huyo huyo mtendwa. Lugha yetu haimchukulii mtu wa namna hii kama aliyekosa elimu; inamchukulia kama aliyefanya kitendo, na kitendo chenyewe amejifanyia kwa hiari yake. Kutojua ni hali, bali kujitia kutojua ni tendo. Sheria iliyo na haki haina budi kuwatenganisha watu hawa wawili, na huyo wa pili imhesabu pamoja na wanaojua. Waliosema kwamba macho hayana pazia hawakuwa wakifanya mzaha.

Tofauti hiyo inatusaidia pia kuielewa kesi kubwa ya Mexico. Nchi hiyo hutoa vibali vichache mno vya silaha kwa raia wake, ilhali magenge ya dawa za kulevya yamejihami kwa bunduki zinazovushwa kutoka Marekani. Agosti 2021 serikali ya Mexico ilivishtaki viwanda kadhaa vya silaha katika mahakama ya Boston, ikidai kwamba vinaendelea kuwauzia wafanyabiashara wanaowahudumia walanguzi. Juni 5, 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa madai hayo, majaji wote tisa wakiwa kauli moja. Jaji Elena Kagan, aliyeandika uamuzi huo, alieleza kwamba haitoshi kudai kuwa kiwanda hakikujali; ni lazima ionyeshwe kwamba kilisaidia uhalifu kwa makusudi. Mexico haikutaja mauzo mahususi ambayo viwanda vilishiriki kuyafanikisha.

Wengi waliutafsiri uamuzi huo kama ushindi wa biashara nzima ya silaha. Mimi siusomi hivyo. Kiwanda hukaa mbali na mnunuzi. Baina yao yupo mfanyabiashara wa jumla, kisha mwenye duka. Kiwanda kinaweza kujua kwa ujumla kwamba miongoni mwa wauzaji wamo wabaya, lakini hakikuiona sura ya mtu aliyenunua bastola kumi siku ya Jumanne. Mwenye duka aliiona. Ndiyo sababu kesi nyingine ya Mexico, iliyofunguliwa Oktoba 2022 dhidi ya maduka matano ya Arizona, ina uzito wa namna yake. Huko mlalamikaji anazungumzia kaunta yenyewe, na mnamo Machi 2024 jaji alikataa kuitupilia mbali kesi yote. Kadiri tunavyoisogelea kaunta, ndivyo udhuru wa kutojua unavyopungua.

Wapo watakaopinga. Watauliza: mbona aliyeuza panga hashtakiwi panga hilo linapotumika kuua? Jibu ni kwamba hatumshtaki muuzaji kwa sababu tu bidhaa yake imeua. Tunamshtaki kwa namna alivyoiuza. Aliyemuuzia mkulima panga hana kosa. Lakini aliyemuuzia panga mtu aliyesimama dukani akitetemeka kwa hasira na kuapa kwamba anakwenda kummaliza ndugu yake, huyo hawezi kusema kwamba aliuza chombo cha shambani.

Watasema pia kwamba kesi hizi zitawaangamiza wafanyabiashara waadilifu. Takwimu za idara ya serikali inayosimamia silaha, ATF, zilizotolewa mwaka 2000 zinatuonyesha vinginevyo. Asilimia 1.2 tu ya wauzaji wenye leseni ndio waliokuwa chanzo cha asilimia 57 ya bunduki za uhalifu zilizofuatiliwa hadi kwa wauzaji waliokuwa wakifanya biashara. Ni kweli kwamba duka kubwa huuza nyingi, na kufuatiliwa kwa bunduki peke yake si ushahidi wa hatia. Hata hivyo, takwimu hizo zinadokeza kwamba tatizo limejikusanya mahali pachache. Idadi kubwa ya wauzaji hawana la kuhofia.

Hoja ya tatu ni kwamba kazi ya kuwaadhibu wauzaji wabaya iachiwe polisi na wakaguzi. Ingekuwa hoja nzuri laiti wakaguzi wangekuwa na mikono huru. Lakini sheria ya mwaka 1986 inawazuia kufanya ukaguzi wa kawaida katika duka moja zaidi ya mara moja kwa mwaka. Ni kweli kwamba mwaka 2022 Congress ilipitisha sheria iliyoufanya ununuzi wa kivuli na ulanguzi wa silaha kuwa makosa yanayojitegemea. Lakini mashtaka ya jinai yanadai ushahidi usioacha shaka yoyote ya maana, nayo hayamrudishii mjane shilingi moja. Kesi ya madai hufungua daftari za duka, humweka karani kizimbani, na humfanya mwenye duka apige hesabu upya: faida ya bastola moja yalingana na hasara ya kesi moja?

Mwalimu au mwanafunzi wa Kenya anaweza kuuliza mambo haya yanamhusu vipi, maadamu sisi hatuna maduka ya bunduki katika kila mtaa. Yanamhusu kwa sababu kanuni yenyewe tunayo nyumbani. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu yetu hakimwadhibu tu anayepokea mali ya wizi akijua. Kinamwadhibu pia aliyekuwa na sababu ya kuamini kwamba mali hiyo ni ya wizi. Januari 2022, nyaya na milingoti ya umeme ilipokuwa ikiharibiwa, serikali ilisimamisha biashara ya vyuma vikuukuu, kisha ikairuhusu tena mwaka huo huo kwa masharti makali zaidi. Fikra iliyokuwa nyuma ya hatua hiyo ilikuwa sahili: mwizi wa nyaya hawezi kufanikiwa pasipo mnunuzi asiyeuliza. Huko Marekani, mlanguzi wa bunduki hawezi kufanikiwa pasipo muuzaji asiyeuliza. Ikiwa aliyenunua kipande cha shaba anaulizwa kilikotoka, itakuwaje aliyeuza chombo cha kuua asiulizwe kilikokwenda?

Sipendekezi kwamba muuzaji abebe dhambi za kila mteja wake. Kila mtu atabeba mzigo wake. Ninachosema ni kwamba kaunta ya duka ni mahali pa mwisho ambapo bunduki bado iko katika mikono halali, na pia ni mahali pa mwisho ambapo mtu anayewajibika kwa sheria anamtazama mnunuzi usoni. Baada ya hapo ni gizani. Aliyepewa leseni ya kusimama mahali hapo alipewa pamoja na dhamana ya kutazama. Akitazama na akadanganywa kwa ustadi, asamehewe. Akitazama akaona, kisha akapokea fedha na kujitia hamnazo, aitwe mahakamani aeleze alichokiona.