Kwa Nini Nambari ya Simu Haijui Umekosea

Tuseme uko soko la Otonglo na unataka kumtumia mama samaki Sh2,500. Kidole kinateleza, 6 inakuwa 9. Simu hainung'uniki, inangoja tu PIN. Kwa nini haishtuki?

Nambari yenye mlinzi

Piga *#06# kwa simu yako. Utaona IMEI, nambari ya tarakimu 15 inayotambulisha simu hiyo (ya laini mbili huonyesha IMEI mbili). Tarakimu ya mwisho ni mlinzi: kazi yake ni kukagua zile 14 za mbele. Hesabu yake ilibuniwa na Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM, Marekani, aliyeiombea hataza mwaka 1954. Kadi za benki pia huitumia.

Jaribu na IMEI hii ya mfano: 490154203237518.

1. Kutoka kushoto, zidisha mara mbili tarakimu ya 2, ya 4, ya 6, hivyo hivyo hadi ya 14.
2. Jibu likipita 9, toa 9. Kwa mfano, 9 inakuwa 18, halafu 9; 7 inakuwa 14, halafu 5.
3. Jumlisha zote: 4+9+0+2+5+8+2+0+3+4+3+5+5+2+8 = 60.

60 inagawanyika kwa 10 bila baki, kwa hivyo nambari iko sawa. Sasa andika 6 mahali pa ile 5 ya kwanza: jumla ni 61. Kosa limeshikwa!

Ukikosea tarakimu moja tu, yoyote ile, hesabu hii itashika kila mara. Ukipindua tarakimu mbili zilizo jirani, itashika pia, isipokuwa 0 na 9. Hizo mbili hata ukizizidisha zinabaki vile vile, kwa hivyo jumla haibadiliki.

Nambari ya simu haina mlinzi

Chukua nambari inayoanza na 07. Zinabaki tarakimu 8, na kila moja inaweza kukosewa kwa njia 9. Hiyo ni 8 × 9 = nambari 72 zilizo kosa moja tu kutoka kwa ile unayoitaka. Yoyote kati yake inaweza kuwa na mwenyewe, na hakuna hesabu ya kumwambia mtambo kwamba si mama samaki.

Basi mlinzi ni wewe

- Chagua jina kwenye orodha ya simu yako badala ya kuandika nambari upya.
- Ukiandika, isome kwa sauti tarakimu mbili mbili, mwenyewe akisikia.
- Jina la mpokeaji likitokea, lisome lote kabla ya kuthibitisha. Hapo ndipo ukaguzi wenyewe ulipo.
- Ukishakosea, wasiliana na huduma kwa wateja papo hapo. Pesa ikishatolewa, kuirudisha ni kibarua.