Nani Huchora Mstari wa Kufaulu?

Februari 2013, matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia yalipotangazwa nchini Tanzania, takribani watahiniwa sita katika kila kumi walikuwa na daraja sifuri. Wabunge walikuja juu, walimu wakanyooshewa vidole, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome. Mwezi Mei serikali ikayafuta matokeo na kuagiza yachakatwe upya. Hakuna mtahiniwa aliyerudi kwenye chumba cha mtihani wala aliyeongeza hata nukta kwenye karatasi yake. Hata hivyo, kiwango cha ufaulu kilipanda kutoka asilimia 34.5 hadi 43.08.

Iliwezekanaje? Karatasi ya mtihani hupitia kazi mbili. Kwanza husahihishwa, mwalimu akitoa alama kwa kufuata mwongozo. Kisha alama hizo hupangwa katika madaraja: hizi ni A, hizi ni C, chini ya hapa ni F. Kazi ya kwanza tunaijua sote, maana tumesoma. Ya pili hufanyika ofisini, na ndiyo iliyoitikisa nchi mwaka ule.

Kuna namna mbili za kupanga madaraja. Mipaka inaweza kuwekwa mara moja ikabaki palepale. Ndivyo ilivyo sasa kwa kidato cha nne: A huanzia alama 75, na chini ya 30 ni F. Mwanafunzi anajua tangu mwanzo anakimbilia wapi, na hilo ni jambo jema. Tatizo ni kwamba hakuna mitihani miwili yenye ugumu uleule. Watungaji wakikaza mkono kidogo tu, maelfu ya watoto wataanguka chini ya mstari bila kuwa wajinga kuliko kaka zao. Namna ya pili ni kuisogeza mipaka kila mwaka kufuata hali ya alama za nchi nzima. Hapo ugumu wa mtihani haumwonei mtu, lakini ufundishaji nao ukizorota, mstari unaweza kushuka pamoja nao na taifa lisitambue. Baraza la Mitihani lilikuwa likitumia mipaka inayohama. Kwa mtihani wa 2012 likahamia mipaka isiyohama. Uchakataji wa pili ulirudi kwenye utaratibu wa zamani.

Mimi naunga mkono mipaka isiyohama, kwa sharti kwamba maswali yajaribiwe mapema kwa wanafunzi wengine ili ugumu wake ujulikane kabla ya siku ya mtihani. Bila hivyo, kuisimamisha mipaka ni kusema tu kwamba hatutaki kujua. Ongeza hapo kwamba matokeo ya 2014 yalitolewa kwa wastani wa pointi, kisha yale ya 2015 yakarudi kwenye madaraja ya jumla, kama lile la sifuri. Vijana waliopishana mwaka mmoja wamepimwa kwa rula tofauti, nao wanagombea kazi moja.

Darasa la saba lina fumbo lake. Maswali mengi ni ya kuchagua jibu, na kompyuta ndiyo inayosahihisha. Chukua somo lenye alama 50 na maswali 50, kila moja likiwa na majibu matano ya kuchagua. Mtoto asiyejua kusoma kabisa, akiweka weusi popote mkono unapoangukia, kwa wastani atapata 10. Wachache, kwa bahati tu, watafika 14 au 15. Katika mpangilio wa alama 50, E huishia 10 na D huanzia 11; kwa hiyo D ya chini haitutofautishii anayejua kidogo na aliyebahatisha. Baadaye Baraza liliongeza maswali ya kuandika jibu lenyewe, na lilifanya vizuri.

Lakini linaloniumiza zaidi ni lugha. Watoto wengi wa shule za serikali husoma kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, kisha sekondari baiolojia, jiografia na kemia huulizwa kwa Kiingereza. Msichana anaweza kujua vizuri jinsi moyo unavyosukuma damu, asielewe swali, akapata F. Alama hiyo itaandikwa kwenye safu ya baiolojia, na hakuna atakayeisoma kama alama ya lugha. Kipimo kinachopima kitu kingine tofauti na kilichokusudiwa ni kibovu, hata kikisahihishwa kwa uaminifu wote.

Kwa hiyo mzazi, mwanao akileta matokeo, usiishie kwenye daraja. Tazama somo kwa somo, kisha nenda shuleni umuulize mwalimu ni maswali gani yaliwashinda wengi, na kama yaliwashinda kwa maarifa au kwa lugha. Na Baraza la Mitihani, kila linapotangaza asilimia ya ufaulu imepanda au imeshuka, litueleze siku hiyohiyo mipaka iliwekwaje na ugumu wa maswali ulilinganishwaje na wa mwaka uliopita. Tuna haki ya kulijua hilo.