Nani Anahesabu Kazi ya Beki?

Mei 2019 Lipuli FC iliifunga Yanga 2-0 kwenye Uwanja wa Samora, Iringa, ikaingia fainali ya Kombe la Shirikisho. Wanapaluhengo, kama Lipuli wanavyoitwa, wakasafiri hadi Uwanja wa Ilulu mjini Lindi, na tarehe 1 Juni wakafungwa na Azam FC bao 1-0. Wafungaji wa mechi hizo wanajulikana, na dakika za mabao zinajulikana. Lakini mabeki wa Lipuli, waliowanyima bao washambuliaji wa Yanga siku ile na kisha wakaruhusu bao moja tu mbele ya Azam, walifanya nini hasa? Mawinga waliwajaribu mara ngapi? Nani alipitwa, na nani hakupitika? Wanaoweza kujibu ni waliokuwepo uwanjani, na kila mmoja ana jibu lake.

Straika ana mabao yake. Kiungo ana asisti. Hata kipa huhesabiwa mechi alizomaliza bila kufungwa, ingawa pengine siku hiyo hakupigiwa shuti lolote la maana. Beki hubaki na sifa za mdomo: ana roho ngumu, ana kichwa kizuri, hana mchezo. Zikitafutwa namba zake, zinazopatikana haraka ni za alichokifanya kwa macho ya watu, yaani amepora mipira mingapi, ameondosha hatari mara ngapi, amecheza faulo ngapi. Hapo ndipo hesabu inapoanza kudanganya.

Jaap Stam ndiye mfano unaotajwa zaidi. Agosti 2001 Manchester United ilimuuza beki huyo Mholanzi kwa Lazio ya Italia, na inasimuliwa kwamba mojawapo ya mambo yaliyomshawishi kocha Alex Ferguson ni takwimu zilizoonyesha kuwa Stam alikuwa akipora mipira michache kuliko zamani. Nafasi yake ikachukuliwa na Laurent Blanc aliyekuwa na miaka 35. Msimu uliotangulia United ilikuwa imeruhusu mabao 31 kwenye ligi. Msimu uliofuata yakafika 45. Ferguson mwenyewe alikuja kukiri kwamba alikosea. Beki anayesimama mahali sahihi hana sababu ya kujirusha chini kila mara, kwa kuwa winga akimwona amekaa vizuri hurudisha mpira nyuma. Kurudishwa kwa mpira huo hakuna anayekuandika, na ndiyo kazi yenyewe.

Waliolishughulikia suala hili kwa bidii kubwa walikuwa mbali kabisa na Nyanda za Juu Kusini, tena katika mchezo ambao Watanzania wengi hawajawahi kuuona kwa macho: mpira wa magongo wa kwenye barafu, unaochezwa kwa viatu vyenye vyuma vya kutelezea na kisahani cheusi badala ya mpira. Ligi kubwa ya Marekani na Kanada ilikuwa na takwimu zake rasmi tangu zamani, lakini kwa mabeki hazikusema mengi. Mashabiki wachache wakaamua kuhesabu wenyewe. Walikaa mbele ya video, wakasimamisha na kurudisha picha, wakaandika jambo moja: kila timu pinzani ilipovuka mstari wa kuingia eneo la hatari, iliingiaje? Mchezaji aliingia nacho kisahani kwenye gongo lake, au alilazimika kukipiga mbele na kukikimbiza? Na beki aliyekuwa upande huo alikuwa nani?

Eric Tulsky, aliyesomea kemia hadi shahada ya uzamivu, alikuwa miongoni mwao. Mwaka 2013 yeye na wenzake walionyesha, kwa data iliyokusanywa kwa mkono, kwamba kuingia na kisahani kunazaa mashuti zaidi ya mara mbili ya kukipiga mbele na kukifukuza. Kwa hiyo beki anayewanyima wapinzani njia ya kuingia nacho anaokoa mashuti ambayo hayatapigwa kamwe, hata kama jina lake halitajwi na mtangazaji. Klabu ya Carolina Hurricanes ilimwajiri Tulsky, na mwaka 2024 ikampa umeneja mkuu. Mwenzake katika kazi hiyo, Corey Sznajder, amejulikana kwa kuhesabu mechi kwa mkono msimu baada ya msimu.

Soka lilikuwa na mtu wa aina hii mapema zaidi. Machi 1950 Charles Reep, mhasibu wa jeshi la anga la Uingereza, alitoa daftari katikati ya mechi ya Swindon Town akaanza kuchora alama za kila shambulizi. Aliendelea hivyo kwa zaidi ya mechi 2,000. Fainali ya Kombe la Dunia ya 1958 aliiandika kwenye bunda la karatasi ya kupamba ukuta. Uvumilivu wake unastahili heshima. Hitimisho lake halikustahili imani liliyopewa. Aliona mabao mengi yanatokana na pasi tatu au pungufu, akahubiri mipira mirefu, bila kupima vya kutosha kwamba mashambulizi mengi ya mchezo wowote huishia kwenye pasi tatu au pungufu. Alihesabu mabao, akasahau kuyagawa kwa majaribio.

Kosa hilo hilo ndilo linalowanyima haki mabeki wa Mbeya na Iringa. Chukulia mabeki wawili wa kulia, kila mmoja ameshambuliwa mara 20 katika mechi. Wa kwanza amepora mpira mara saba, jukwaa limemshangilia, lakini amepitwa au ameruhusu krosi mara tisa. Wa pili amepora mara mbili tu. Mara 14 winga amerudisha mpira nyuma au ameupoteza nje, na krosi zimepigwa nne. Kwa hesabu ya kuporwa kwa mipira, wa kwanza ndiye bora. Kwa hesabu ya hatari iliyopita upande wake, wa pili amemwacha mbali. Ili kuujua ukweli huo kinachotakiwa ni mtu aliyekaa juu ya jukwaa na karatasi yenye safu nne.

Mazingira nayo yaandikwe. Uwanja wa Sokoine, Mbeya, uko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mpira mrefu huenda mbali zaidi kuliko Dar es Salaam, na timu inayotoka pwani huweza kuishiwa pumzi kipindi cha pili. Kati ya Novemba na Aprili mvua hubadilisha kila kitu: beki anayependa kutoka na mpira mguuni hujikuta anaubutua. Mtindo wa timu nao uandikwe. Tanzania Prisons, timu ya Jeshi la Magereza na bingwa wa nchi wa 1999, imezoeleka kwa soka la nguvu na nidhamu ya kukaba. Beki wa timu inayokaa nyuma ataondosha hatari nyingi kwa sababu tu hatari zinamjia. Namba zake haziwezi kuwekwa mezani pamoja na za beki wa timu inayomiliki mpira bila kusema hivyo.

Wahesabuji nao hutofautiana. Hata katika ligi ya magongo ya Marekani imeonekana kwamba waandishi wa takwimu wa viwanja fulani ni wakarimu kuliko wenzao. Dawa yake ni watu wawili kuhesabu mechi moja bila kuangaliziana, kisha kulinganisha na kukubaliana "kupitwa" maana yake nini. Mechi mbili au tatu hazitoshi kumhukumu mtu. Nusu msimu wa mechi 15 inaanza kusema kitu.

Mbeya ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, Iringa ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Mkwawa. Vijana wanaojifunza hesabu na wanaopenda mpira hawakosekani katika miji hiyo, na mechi za Ligi Kuu huonyeshwa kwenye televisheni, kwa hiyo kurudia picha kunawezekana.

Wangeifanya kazi hiyo, faida ya kwanza ingekuwa ya fedha. Mbeya City, timu ya Halmashauri ya Jiji, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2013/14 ikamaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, na haikuchukua muda wachezaji wake wakaanza kutakiwa. Deus Kaseke alihamia Yanga mwaka 2015. Kiungo mshambuliaji wa aina hiyo anauzika kwa vipande vya video na mabao yake. Beki wa kushoto aliyewafungia njia mawinga msimu mzima huenda mezani akiwa na maneno ya kocha wake tu, na mnunuzi ndiye anayetaja bei. Klabu iliyoweka karatasi za mechi zote 30, zenye idadi ya mashambulizi yaliyokwenda upande wa beki huyo na yaliyoishia njiani, ingekuwa na cha kumwonyesha mnunuzi kabla bei haijatajwa.