Kabla ya kutandika tapi mpya, pima kwanza unyevu wa sakafu

Watu wengi wa Bukavu wanaijua hali hii: tapi imenunuliwa kwa feza nyingi, imetandikwa saloni, na kabla ya mwaka kuisha upande wake wa chini umekuwa mweusi na unanuka. Mwenye nyumba analaumu tapi. Kumbe tatizo liko chini yake.

Mji umejengwa juu ya vilima, kando ya Ziwa Kivu. Huko Kadutu, Bagira na sehemu za Ibanda, viwanja vingi vimechimbwa ndani ya mteremko, na ukuta wa nyuma unaegemea udongo. Mvua ikirudi mwezi wa tisa, maji ya kilima yanatafuta njia kupitia msingi. Pavema ya sima haiyazuii. Ina vitundu vidogo sana, na maji hupanda ndani yake kama mafuta ya taa kwenye utambi. Sakafu ikiwa wazi, unyevu unatoka pole pole. Ikifunikwa na tapi au balatum, unafungiwa humo.

Kuna jaribio rahisi. Chukua kipande cha plastiki nene, karibu mita moja kila upande, ukibandike chini kwa skochi pande zote nne. Ngoja siku mbili au tatu. Matone yakiwa chini ya plastiki, maji yanatoka udongoni. Yakiwa juu yake, ni mvuke wa ndani, wa kupika na wa watu kulala madirisha yakiwa yamefungwa. Hapo dawa ni hewa kupita. Jaribio lifanyike wakati wa mvua, juu wakati wa kiangazi hata sakafu mbaya inaonekana kavu.

Kama maji yanatoka udongoni, kazi inaanzia nje. Udongo unaogusa ukuta uondolewe, kisha mfereji uchimbwe nyuma ya nyumba, chini kuliko sakafu. Maji ya mabati nayo yapokelewe, yasianguke kwenye msingi. Lakini yasielekezwe kwa jirani wa chini: mmomonyoko utakaoanzia kwake unaweza kurudi mpaka kwenye kiwanja chako.

Anayejenga sakafu upya aweke mawe, kisha plastiki nene, halafu beto juu. Sima mpya ingojewe zaidi ya mwezi mmoja, jaribio lirudiwe, ndipo tapi itandikwe.

Jambo moja ni la hatari: kukausha chumba kilichofungwa kwa mbabula. Makala yanayowaka yanatoa gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo inaua watu usingizini. Afadhali kungoja kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, na kufungua madirisha mchana.

Hii si habari ya feza tu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilieleza kwamba wanaoishi katika nyumba zenye unyevu na ukungu wanapata zaidi kikohozi na pumu. Mtoto anayetambaa ndiye aliye karibu zaidi na sakafu hiyo.

Asiye na uwezo wa kazi yote hii anaweza kutumia mkeka. Unainuliwa asubuhi, unaanikwa juani, na sakafu inapata kupumua.