Malumbano, Ngonjera na Semina Zetu

Kuna njia mbili mashuhuri za kubishana kwa mashairi katika Kiswahili, nazo huchanganywa mara kwa mara ingawa hazikusudii jambo moja.

Ya kwanza ni malumbano, kama yale yaliyopita baina ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, na watunzi wa Lamu. Ada yake ni kwamba ajibuye hufuata bahari ya aliyeanza, na mara nyingi hata vina vyake. Sharti hili hudhaniwa kuwa pambo tu. Kwa maoni yetu ni zaidi ya hilo: mtu hawezi kujibu kwa vina vya mwenzake pasipo kumsikiliza hadi ubeti wa mwisho. Umbo la jibu ndilo ushahidi wa usikivu.

Ya pili ni ngonjera, iliyoenezwa na Mathias Mnyampala, hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967. Humo asiyejua huuliza, ajuaye hufundisha, na mwishoni asiyejua hushukuru. Inafaa kwa mafunzo. Lakini mshindi amekwisha kujulikana tangu ubeti wa kwanza.

Mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970 ulikuwa na sura zote mbili. Amri Abedi alikuwa ameziandika sheria za utunzi mwaka 1954. Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, tungo zake hazikufungwa na vina wala mizani. Kwa muda mrefu pande mbili zilipitana njiani, kwa kuwa neno “shairi” kwa wengine lilikuwa jina la bahari maalumu, na kwa wengine jina la kila utungo wa kishairi. Yalipokuwa hivyo, ilikuwa ngonjera isiyo na mwanafunzi: kila mmoja mwalimu! Faida ilipatikana pale wahakiki walipolazimika kueleza maana ya istilahi walizokuwa wakizitumia bila kuziuliza, kama walivyofanya Mulokozi na Kahigi katika *Kunga za Ushairi* (1979). Hakuna upande uliosalimu amri. Leo tungo za aina zote mbili husomeshwa madarasani mwetu, na mgogoro ule haukuwa hasara.

Katika semina za idara, hata hivyo, tungali wapenzi wa ngonjera. Msikilizaji husimama, husema “nina swali dogo”, kisha hutoa mhadhara aliokuja nao kutoka nyumbani. Mwanafunzi wa uzamili aliyewasilisha sura yake huandika, huitikia kwa kichwa, hushukuru. Usiku anapoifungua sura ile ili aisahihishe, haoni palipoguswa. Tungependekeza kwamba kila aulizaye aanze kwa kuieleza hoja ya mwasilishaji mpaka mwenyewe akiri kuwa ndiyo, ndipo aipinge kwa ukali wowote autakao. Maswali yatapungua, na huenda kikao kikaisha mapema.